Marekani karatasi ndiyo inayokusemea

 

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Lowell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako yuko tangu Oktoba 2024. Hunipigia kila Jumapili. Aliniamkia, akaulizia watu wa nyumbani, tukataniana kidogo juu ya baridi, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mjomba, kuna jamaa wa kwetu hapa anachukua gari kwa mkopo. Wamemwambia alete mtu wa kumtilia saini. Nimtilie? Ni saini tu."

Nilimwambia asitie kitu mpaka tuzungumze tena. Akacheka. Akasema jamaa huyo ndiye aliyempokea uwanja wa ndege wa Boston, akampa na koti lake la kwanza. Hapo nikajua kazi ninayo, maana koti la kwanza, kwa mtu aliyetua kule Oktoba akiwa na shati la mikono mifupi, si jambo dogo.

Mimi niliishi katika mji huo huo kuanzia Januari 1997 hadi 2008. Ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, kando ya mto Merrimack, kama kilomita 40 kutoka Boston. Ile nguo tuliyoiita merikani, waliyoivaa babu zetu pwani na bara, ilifumwa katika viwanda vya upande ule wa New England na kuletwa Unguja kwa meli za matanga. Leo vile viwanda ni makumbusho na nyumba za kupanga, na ukisimama kituo cha basi hukosi kusikia Kiswahili, hasa cha Kenya. Kwa hiyo ninayoyasema leo ni ya mji ule na jimbo lile. Majimbo ya Marekani ni 50 na kila moja lina sheria zake za nyumba, leseni na mishahara. Aliye Texas asije akanilaumu.

Wala sizungumzii namna ya kupata viza. Milango hiyo hufunguliwa na kufungwa na kila serikali inayoingia, na mwenye kutaka habari zake aulize ubalozini, si kwangu wala si kwa wakala wa Kariakoo. Namzungumzia mtu aliyekwisha kufika, ana kadi ya ukaazi, ile iitwayo kadi ya kijani, na anaamka asubuhi ya kwanza katika chumba cha watu.

Hapa kwetu mtu husemewa na watu. Ukitafuta chumba Mwananyamala atatokea mmoja wa kusema, "Huyo namfahamu, mtoto wa fulani." Ukitaka barua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa atakugongea muhuri. Mwenye duka anakukopesha sukari kwa sababu anakuona ukipita kila siku. Kule hakuna anayekujua, na si kwamba wanakuchukia. Hawana haja ya kukujua wewe, wana haja ya karatasi yako. Nilichukua miaka mingi kulielewa jambo hilo, na nililipia.

Karatasi ya kwanza ni kadi ya Social Security, ambayo watu wetu huiita "soshal". Ni kikaratasi chepesi, hata hakivutii, chenye jina lako na namba ya tarakimu 9. Kwa namba hiyo mwajiri huandika mshahara wako, mamlaka ya kodi hukutambua, na benki hukufungulia jalada. Kadi hiyo hailipiwi. Anayekuambia umpe dola 100 akuharakishie ni mwizi. Watu wetu hupenda kuitia katika pochi pamoja na picha ya mtoto. Usifanye hivyo. Ikariri namba, kadi uifungie nyumbani. Kadi ya kijani ni kinyume chake: sheria inamtaka kila mkaazi aliyetimiza miaka 18 atembee nayo. Mpwa wangu nilimkuta amevuruga yote mawili, soshal iko mfukoni na kadi ya kijani iko chini ya godoro kama fedha za harusi.

Na atakuja ndugu kukuomba umwazime namba hiyo afanyie kazi kwa muda tu. Namba haiazimwi. Mshahara wake utaandikwa kuwa wako, kodi yake itakuwa yako, na idara ya uhamiaji haitaki kusikia habari ya undugu.

Sasa nije kwenye bahasha, maana hapo ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili nilishikwa na tumbo usiku wa manane. Mwenzangu wa chumba akanikimbiza chumba cha dharura cha hospitali moja. Nilikaa saa nne, nikapigwa picha, nikapewa vidonge, nikaambiwa niende nyumbani. Hakuna aliyeniomba fedha mlangoni. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa ni waungwana! Baada ya wiki tatu ikaja bahasha: dola 1,140. Nikadhani wamekosea mtu. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, ya daktari, kwani daktari anaweza kuwa na hesabu yake mbali na ya hospitali. Ikaja ya tatu, dola 140, ya mtu ambaye sikumwona kabisa, aliyeisoma ile picha akiwa chumba kingine. Nikafanya kama baba yangu alivyokuwa akifanya kwa barua zote za serikali. Nikazitia katika droo.

Huku kwetu bili usiyoilipa huja na mtu. Utamwona fundi na ngazi yake, mtazungumza, utamwomba akupe mpaka mwisho wa mwezi. Kule haji mtu. Huja bahasha, na bahasha, mpaka siku moja zinakoma, nawe unadhani wamekusamehe. Deni langu la kwanza na la pili nililipa kwa taabu baada ya rafiki kunikemea. Lile la dola 140 nililisahau. Liliuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni na jina langu likaandikwa. Miaka minne baadaye nilipoomba mkopo wa gari nilikataliwa, na yule bwana wa mikopo alinigeuzia kompyuta yake nione mwenyewe. Dola 140! Wakati huo nilikuwa na dola 3,000 benki.

Ilinipasa kufanya nini? Kwanza kuifungua bahasha siku ile ile. Pili kupiga simu na kutaka orodha ya kila kitu ninachodaiwa, kimoja kimoja, maana makosa yamo. Tatu kuuliza fomu ya msaada wa malipo. Sheria ya taifa ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali, karibu zote zenye chumba cha dharura, kumpima na kumtuliza mgonjwa aliye hatarini bila kutanguliza habari ya fedha. Haikusema kwamba ni bure. Lakini sheria ya afya ya 2010 inazitaka hospitali zisizo za kibiashara, nazo ni nyingi, ziwe na utaratibu wa maandishi wa kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo, na mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka maombi yake. Hakuna atakayekufuata kitandani akupe fomu hiyo. Lazima uiombe. Mambo ya madeni nayo yamelegezwa kidogo: tangu 2023 makampuni yanayotunza kumbukumbu za mikopo hayaandiki deni la hospitali lisilofika dola 500. Lile langu lingepita salama leo. Bahati yangu ilichelewa miaka 20.

Kwa ugonjwa usio wa kufa usikimbilie chumba cha dharura. Viko vituo vya afya vya jamii ambavyo hutoza kwa kuangalia kipato cha mtu. Na popote uendapo, usijikaze kwa Kiingereza cha kubahatisha unapoeleza maumivu. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Sema neno moja tu, "Swahili", watamtafuta kwenye simu. Wala usimfanye mtoto wako awe mkalimani wa maradhi yako, hiyo si haki kwake.

Habari ya nyumba nitaipitia upesi, ijapokuwa nako nilipigwa. Chumba changu cha kwanza nilikipata kwa maneno ya mdomo, nikampa mwenye nyumba dola 400 za amana mkononi. Nilipohama niliambiwa ukuta umechafuka, na fedha zikaishia hapo. Kumbe sheria ya Massachusetts ilikuwa upande wangu. Mwenye nyumba haruhusiwi kuchukua amana inayozidi kodi ya mwezi mmoja. Lazima aiweke benki katika akaunti ya peke yake yenye riba, akupe risiti, na akupe hati ya hali ya nyumba ilivyo. Ukihama ana siku 30 za kukurudishia fedha au kukueleza kwa maandishi amekata nini. Sheria nzuri kabisa, lakini humlinda mwenye risiti, nami sikuwa nayo. Siku ya kwanza, kabla hujaingiza godoro, piga picha kila ukuta na kila doa la zulia. Soma mkataba uone ni nani anayelipia mafuta au gesi ya kupasha nyumba joto, kwani gharama hiyo mwezi wa Januari yaweza kukutoa machozi. Wakati wa baridi nyumba inatakiwa iwe na nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku, yaani 20 na karibu 18 kwa vipimo vyetu. Isipofika hapo, kuna ofisi ya afya ya mji ya kupeleka malalamiko. Usiote moto kwa jiko la gesi la kupikia, na jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe. Moshi usioonekana huua watu wakiwa wamelala.

Turudi kwenye mkopo, maana ndiko swali la kijana lilikotoka.

Marekani yapo makampuni matatu makubwa, Equifax, Experian na TransUnion, ambayo kazi yao ni kuandika jinsi kila mtu anavyolipa madeni yake. Kutokana na maandishi hayo mtu hupewa alama, ambazo zile zitumiwazo sana huanzia 300 na kuishia 850. Watu wetu huiita "krediti". Mwenye nyumba huiangalia, muuza magari huiangalia, na katika majimbo mengi hata bima ya gari huipanga bei yake kwa kuiangalia, ijapokuwa Massachusetts imekataza hilo la bima. Anayefika kutoka Dar es Salaam hana alama mbaya. Hana alama kabisa, na kutokuwa nazo ni karibu sawa na kuwa na mbaya. Hata kama huku ulikuwa meneja wa benki, kule wewe ni mtoto mchanga.

Namna ya kuanza ni hii. Nenda benki, au chama cha akiba na mikopo, uombe kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka fedha zako mwenyewe, tuseme dola 300, nao wanakupa kadi ya kukopa hizo hizo 300. Ni kama mchezo wa watoto, lakini ndivyo ilivyo. Nunua kwa kadi hiyo vitu vidogo ambavyo ungenunua vyovyote, sabuni na nauli, na kila mwezi ulipe yote kabla ya tarehe. Alama zinatokana zaidi na mambo mawili: kulipa kwa wakati, na kutotumia sehemu kubwa ya mkopo uliopewa. Baada ya kama miezi sita alama ya kwanza huonekana. Ukichelewa siku 30, huandikwa, na maandishi hayo hukaa miaka 7. Mtoto aliyezaliwa siku uliyochelewa ataanza shule, yako bado ipo. Unaweza kulitazama jalada lako mwenyewe bila malipo kwa makampuni yote matatu, na unaweza kulifunga, bure pia tangu 2018, ili mwizi asikope kwa jina lako. Lifunge. Mwaka 2017 Equifax wenyewe waliibiwa habari za watu wapatao milioni 147.

Mpwa wangu aliyafanya hayo yote kwa sababu nilimsumbua kila Jumapili. Leo jina lake ni safi. Na ndiyo sababu jamaa amemfuata yeye! Mtu haendi kuomba maji kwenye kisima kikavu.

Sasa, anayetia saini kwa mwenzake kule si shahidi kama wa ndoa au wa kiwanja. Ni mdaiwa kamili. Kanuni za serikali kuu zinamtaka mkopeshaji akupe karatasi ya onyo kabla hujatia saini, na karatasi hiyo husema waziwazi kwamba mwenzako asipolipa wewe utalipa, na kwamba wanaweza kukudai wewe kabla hata hawajamdai yeye. Watu wengi huisaini karatasi ya onyo nayo bila kuisoma. Deni lote laweza kuandikwa katika jalada lako tangu siku ya kwanza, hata likilipwa vizuri, hivyo siku utakapotaka kukopa kwa haja yako utaonekana tayari una gari. Ilhali gari si lako. Jina lako huenda halimo katika hati yake. Jamaa akifukuzwa kazi, au akihamia Minnesota usiku, au akiugua tu maskini bila kosa lolote, bahasha zinakuja kwako.

Ya kazi sitayamaliza leo. Ndugu zetu wengi upande ule huanzia nyumba za wazee, kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza wagonjwa. Ni kazi ya heshima, na wanaoicheka kwa kuiita "kubeba boksi" waende wakabebe wao. Sheria ya taifa inataka mafunzo yasiyopungua saa 75 kabla ya kupata cheti, na nyumba ya wazee iliyokwisha kukuajiri hairuhusiwi kukutoza fedha za mafunzo hayo. Uliza kabla hujalipa chuo cha mtu. Kwa kazi nyingi za saa, zikipita 40 kwa wiki hulipwa moja na nusu. Na angalia mwajiri anakuandika namna gani. Mwajiriwa hupewa fomu ya W-2 ifikapo Januari 31. Ukipewa iitwayo 1099, maana yake umeandikwa kama mfanyabiashara anayejitegemea. Hakuna kodi iliyokatwa, na mwezi wa Aprili utajikuta unadaiwa asilimia 15.3 ya faida yako karibu yote, juu ya kodi ya mapato. Nimemwona mtu mzima akilia jikoni kwa ajili ya 1099.

Hesabu za kodi hupelekwa kabla ya Aprili 15 kupita, na wenye kipato cha chini na cha kati hujaziwa bure na watu wa kujitolea katika mpango wa mamlaka ya kodi uitwao VITA. Wengi hawajui kwamba mwenye kadi ya kijani hutakiwa kutaja mapato yake ya dunia nzima. Ile nyumba yako ya Kimara yenye wapangaji wanne nayo imo. Akaunti zako za huku zikipita jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna taarifa nyingine ya kupeleka. Kutaja si lazima kulipa, lakini kutokutaja ni kosa.

Liko jambo moja ambalo napenda kila mzazi mwenye mtoto kule amsomee kwa simu leo leo. Ni kisanduku cha kura.

Unakwenda ofisi ya leseni za udereva. Nyuma yako pana foleni. Karani anauliza haraka haraka, jina, urefu, rangi ya macho, anwani, na katikati ya hayo, au katika fomu, au kwenye mashine, kuna swali kama wewe ni raia wa Marekani na kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Sisi kwa malezi yetu humwitikia "ndiyo" kila mtu aliye nyuma ya dirisha la ofisi. Ni adabu. Lakini kadi ya kijani si uraia. Tangu sheria ya 1996, asiye raia anayedai kuwa raia ili apate jambo la kisheria, au anayepiga kura ya taifa, anaweza kufukuzwa nchini, na kosa hilo ni miongoni mwa yale yenye msamaha mwembamba kuliko yote. Mtu anaweza kuwa amekaa miaka 15, ana nyumba na watoto, akaenda kuomba uraia kwa furaha, na siku ya mahojiano likafunuliwa lile jalada la leseni. Kusema hukulielewa swali hakutakuokoa kwa urahisi. Kwa hiyo simamisha foleni. Mwambie karani arudie. Wakuchukie hapo nyuma kwa dakika mbili.

Na ukihama nyumba, hata kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu, idara ya uhamiaji lazima iarifiwe ndani ya siku 10. Ni bure. Usipofanya, barua ya kukuita itakwenda kwenye anwani ya zamani, nao watahesabu kwamba uliipata. Polisi akikusimamisha barabarani, baki ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Usishuke kumfuata ukitabasamu kumsalimu kama tufanyavyo hapa Mwenge. Kule kushuka ni kumtisha.

Nimebakiza sisi tulioko huku.

Dada yangu, mama wa kijana huyo, ni mwanamke mwema, lakini anajua kuzidisha. Alisikia mwanawe analipwa dola 15 kwa saa. Kichwani akapiga: saa 40, wiki nne, dola 2,400, akageuza kuwa shilingi, zikapita milioni 5. Tangu hapo haelewi kwa nini bati za nyumba hazijafika. Nilimwomba kijana anitumie hesabu yake, nikamsomea mama yake mezani kwangu. Makato ya kodi na mfuko wa uzeeni, kama dola 390. Chumba, 900. Chakula, 350. Usafiri, 200. Bima ya afya kazini, 120. Simu, 45. Deni la tiketi na gharama za makaratasi aliyokopeshwa, 250. Zinabaki 145, na hapo hajanunua viatu vya theluji. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hizo mia nne tulizomwomba za harusi ya binamu yake alizitoa wapi?"

Alizitoa kwenye kadi, ile ya dola 300 iliyokwisha kuongezwa kiwango. Mwezi ule nusura achelewe kulipa. Sisi huku tulikuwa tunacheza muziki.

Kama lazima kutuma, kijana atume kwa akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani. Tangu Januari 1, 2026 serikali ya kule hukata asilimia 1 kwa anayelipa fedha taslimu dirishani ili zitumwe nje, lakini anayetuma kutoka benki hakatwi. Nasi tuombe mara chache, tena tuseme mapema. Mtu anayekuomba kwa simu ya usiku akilia hukulazimisha ukope.

Basi nimtilie saini, asitie? Nimelifikiri wiki nzima, kwa sababu ya lile koti. Wako watakaosema mjomba anamfundisha mtoto roho mbaya ya Kizungu. Mimi nasema fadhila ya koti ilipwe kwa kitu ambacho kijana anacho mkononi. Ampe jamaa dola 300 za kuanzia kadi yake mwenyewe, amwambie si mkopo. Amsindikize kwenye chama cha akiba na mikopo. Kwa miezi sita hiyo ya kungoja alama, ampitie asubuhi kwa gari lake kumpeleka kazini, zamu zao si mbali. Itamgharimu usingizi, na pengine jamaa atakasirika kwanza. Ila mwisho wake unajulikana, na wa saini haujulikani.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia hayo Jumapili, kama kawaida yetu. Lakini leo kabla ya kuingia studio nimekuta ujumbe wake: muuza magari amewaita wote wawili kesho asubuhi. Kule sasa hivi ni mchana, atakuwa kwenye mapumziko ya chakula. Wasikilizaji mtaniwia radhi, leo namaliza dakika chache kabla ya wakati nikampigie.